Opareshini ya kupunguza tumbo Januari, na Krismasi nipo Marangu

Mke wa Mchaga: Habari wakuu, niko Moshi mjini hapa, kilo 128 na sukari juu yake. Nimepangiwa opareshini ya kupunguza mfuko wa tumbo tarehe 6 mwezi wa kwanza, daktari kanipa diet ya wiki mbili kabla, mtindi bila sukari, samaki au kuku wa kuchemsha, mchicha, wanga kidogo sana, soda na pombe marufuku. Sasa pigeni hesabu wenyewe, hizo wiki mbili zinaangukia Krismasi na sisi lazima tupande Marangu, huko kuna kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kuna mbege, pombe ya ndizi, na mama mkwe ukimwambia huli anahesabu umemdharau. Siku moja tu nikila kuna shida gani jamani?

Mama Wawili: Pole dada, mimi nilifanya mwaka juzi. Hiyo diet ni kwa ajili ya ini. Sisi wanene ini linajaa mafuta, linavimba, na limeukalia mfuko wa tumbo, sasa daktari anaingia na kamera kwa vitundu vidogo lazima alinyanyue, likiwa kubwa kazi inakuwa ngumu na anaweza kuahirisha. Ukibana wanga wiki mbili linasinyaa. Mimi njaa haikunitesa kama maji, nilizoea kushushia kila tonge na ukishafanyiwa hunywi na chakula, unasubiri kama nusu saa. Nikawa naficha glasi kabatini, natafuna mpaka tonge linakuwa uji, watoto wananicheka mezani. Anza kujizoesha hivyo leo.

Kijana wa Sakina: Na mtori usikudanganye kwa ulaini wake, zile ni ndizi, wanga mtupu 😂 mwambie mama akutolee supu ya kuku kabla hajatia ndizi

Nesi Mstaafu: Mnaongelea ndizi na mgonjwa ana sukari. Mwanangu, ukipunguza wanga huku unameza dozi ileile au unachoma insulini ileile, sukari itashuka ghafla uanguke njiani. Rudi kwa daktari akupangie upya kabla hujaanza. Na kama unavuta sigara acha sasa, kidonda kinachelewa kupona.

Mke wa Mchaga: Shikamoo mama, asante. Sigara sivuti, kesho naenda kliniki na vidonge vyangu mkononi. Mama mkwe nimempigia nimemweleza yote, kakubali kabisa, supu ya kuku atanitengea. Halafu kaniuliza kuhusu zile ndizi za maharage, "Na kiburu je?"