Tupeane uzoefu: gari kutetemeka kwenye sailensi na kubadilisha koili

Mkazi wa Kisasa
Wakuu, habari za kazi. Leo asubuhi, kwenye foleni ya kuelekea Mji wa Serikali Mtumba, mbele yangu kulikuwa na IST iliyotetemeka kila iliposimama, kiasi kwamba kibati cha namba kilikuwa kinagonga bampa, na papo hapo nikakumbuka mateso niliyoyapata na gari langu la aina hiyo hiyo. Nalo lilikuwa likikimbia vizuri barabarani, lakini likisimama kwenye taa huku gia ikiwa kwenye D, sailensi (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inashuka, usukani unatetemeka na taa ya injini inawaka. Fundi wa kwanza aliniandikia koili nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, na plagi nne kabla hata ya kufungua boneti. Wa pili alichomeka mashine ya kupimia, ikasoma P0303, yaani silinda ya tatu haichomi sawasawa. Akafungua boliti kwa spana namba 10, akahamishia koili ya silinda ya tatu kwenye silinda ya kwanza, akafuta kosa lililokuwa kwenye kumbukumbu, tukaenda Ihumwa na kurudi. Alipopima tena, ikasoma P0301. Ikabadilishwa koili hiyo moja na gari likatulia. Wenye magari yenye koili moja kwa kila silinda, tupeane uzoefu.

Binti Nkuhungu
Hilo la kuandikiwa koili zote kabla ya kupimwa limenikuta pia, na naunga mkono kila neno.

Mama Wawili, Area C
Mimi nina Passo ya cc 1000, na kwangu koili hazikuwa na kosa lolote, ingawa niliuziwa tatu mpya. Gari liliendelea kutetemeka vile vile, na niliporudi gereji nikaambiwa sasa tubadilishe nozeli. Shemeji yangu ndiye aliyeniokoa: alinikalisha kwenye usukani, nikakanyaga breki na kuweka D, kisha R, yeye akawa anaitazama injini. Ilikuwa inaruka kutoka mahali pake, kwa sababu mpira wa mauntini, unaoishikilia injini kwenye bodi, ulikuwa umekatika. Injini ya silinda tatu ina mtetemo wake wa asili, na mauntini ikichoka mtetemo huo unaingia wote ndani. Ukiweka N ukapungua sana, tazama mauntini kwanza. Gari lenye misi, yaani silinda isiyochoma sawasawa, hutetemeka kwa kurukaruka hata likiwa kwenye N, na kwenye ekzosi utasikia pigo moja linakosekana.

Fundi Umeme wa Chang'ombe
Dada amesema vyema. Naomba niongeze jambo ambalo wateja wengi hawalisikilizi. Koili inachukua umeme wa volti 12 na kuupandisha hadi maelfu mengi ya volti ili uruke kwenye pengo la plagi. Plagi ikilika, pengo linapanuka, koili inalazimika kutoa volti kubwa zaidi, inapata joto, na mwisho umeme unatafuta njia fupi kupitia kwenye mpira wake. Ukiuchomoa mpira huo na kuugeuza mwangani, utaona kistari chembamba kilichochorwa kutoka juu hadi chini, mithili ya mchoro wa penseli. Hapo ndipo umeme unapovujia. Kwa hiyo anayefunga koili mpya juu ya plagi zilizochoka anaiua koili mpya. Chunguza pia shimo la plagi: likiwa na oili, gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) imekufa, na likiwa na maji, uliza ni nani aliyekuoshea injini.

Kijana wa Kizota
Mafundi nanyi mna lenu. Injini isioshwe katika vumbi hili la Dodoma?

Fundi Umeme wa Chang'ombe
Sijakataza kuosha, ndugu yangu. Nakataza mpira wa maji wenye presha kuelekezwa juu ya koili. Pangusa kwa kitambaa kibichi.

Mzee wa Spea
Nawashauri wote mnunue koili ya mtumba iliyotoka na injini ya Japani, kwa sababu hizi mpya za bei rahisi zinaiga maandishi na rangi ya boksi, lakini hazimalizi masika.

Kijana wa Kizota
Mzee wangu, kwa heshima, wewe unauza mitumba. Koili iliyokaa miaka kumi na tano juu ya injini ya mtu itakuwaje bora kuliko mpya?

Mzee wa Spea
Itakuwa bora kama mpya yenyewe ni feki. Njoo dukani tuzifunge zote mbili kwenye gari lako tuone.

Dereva wa Manyoni
Mnabishana kuhusu koili wakati mimi zilitaka kuniunguza. Tulikuwa kwenye Noah ya AZR60 tukienda msibani Singida, mwezi wa tisa, nyasi zimekauka kabisa, na mjomba ndiye aliyekuwa anaendesha. Gari lilikuwa na misi tangu Bahi. Baada ya kupita Kintinku, tulipoanza kupanda mlima wa Saranda, nguvu zikaisha, na taa ya injini, ambayo ilikuwa imewaka tu, ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Nilimwomba mjomba asimame, naye akanijibu kwamba maiti haisubiri taa. Ikaingia harufu ya mayai viza, kisha harufu ya plastiki, na shangazi aliyekaa nyuma akasema miguu inamuunguza. Mjomba akatoka barabarani na kuegesha juu ya nyasi. Nilipoinama nikaona masega (kisafisha moshi kilichomo kwenye bomba la ekzosi) yamekuwa mekundu kama mkaa wa jiko, na chini yake nyasi zimeshashika moto. Tulimshusha shangazi mbiombio, vijana wawili waliokuwa wanachunga ng'ombe wakaja na matawi mabichi, sisi tukawa tunazoa mchanga kwa mikono na kulisukuma mbele gari lenyewe hadi kwenye lami. Nyaya za sensa za chini ziliungua zote. Fundi wa Manyoni alikuta koili mbili zimekufa: petroli isiyochomwa ilikuwa inakwenda kuungulia ndani ya masega.

Binti Nkuhungu
Jamani! Shangazi alipona? Msibani mlifika?

Dereva wa Manyoni
Alipona, na tulifika kwa basi baada ya mazishi. Mjomba hajazungumza nami hadi leo, utafikiri koili nilizitengeneza mimi.

Kijana wa Kizota
Ndiyo sababu mimi masega niliyatoa zamani. Hakuna masega, hakuna moto.

Fundi Umeme wa Chang'ombe
Hapo umetibu moshi ukaacha moto, kwa sababu petroli ile ile inaosha oili kwenye kuta za silinda na ringi zinalika. Taa ya injini ikiwaka bila kumeta, endesha taratibu hadi kwa fundi. Ikianza kumeta, egesha mahali pasipo na nyasi na uzime.

Mama Wawili, Area C
Na msibani panda basi mapema.

Mkazi wa Kisasa
Poleni sana na mkasa huo. Naomba turudi kwenye koili: moja ikifa, tubadilishe zote nne au hiyo moja?

Mzee wa Spea
Zote. Zimezeeka pamoja.

Fundi Umeme wa Chang'ombe
Hiyo moja, pamoja na plagi zote nne. Koili tatu zinazofanya kazi usimwachie mtu dukani.

Binti Nkuhungu
Nimetoka kufungua boneti sasa hivi, na shimo la plagi ya pili lina oili inayofika kwenye mpira wa koili. Nikiikausha kwa kitambaa, naweza kwenda nalo Kongwa kesho?

Kijana wa Kizota
Unaweza, dada.

Fundi Umeme wa Chang'ombe
Huwezi. Lilete kabla ya saa nne, na gasketi ya tapeti kava uje nayo.