Waliofuzu kwenda chuo kikuu wameongezeka sana. Kwa nini wengine hawaripoti?

Mzazi wa Kayole

Hamjambo wanajukwaa. Kamati ya elimu ya kanisa letu imenipa jukumu la kuandaa taarifa kuhusu wanafunzi wanaojiunga na vyuo vikuu na vyuo vya kiufundi nchini, ili tuamue ni vijana gani tuwasaidie kulipa karo. Nimekwama mahali pamoja. Katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari hapa Kenya, ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kusomea shahada, ilhali mwaka 2017 walikuwa 70,073 tu. Hata hivyo, hapa mtaani wapo vijana waliopangiwa nafasi na KUCCPS, shirika linalowagawia wanafunzi nafasi vyuoni, wakachapisha barua zao saiba, na mpaka leo barua hizo zimo kabatini. Je, mwelekeo huu tuusome vipi?

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Mzazi, nakusihi usiuchukulie mwaka 2017 kama mwaka wa kawaida. Udanganyifu wa mitihani ulipokabiliwa vikali mwaka 2016, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Elimu, waliopata C+ na zaidi walikuwa 88,929, na mwaka uliofuata wakapungua tena. Kwa kuwa walikuwa wachache, karibu kila aliyefuzu aliweza kupewa nafasi ya kufadhiliwa na serikali, hata katika vyuo vya kibinafsi. Vilivyoumia ni vyuo vilivyokuwa vikitegemea wanafunzi wa kujilipia, wa ule mpango wa sambamba ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mwaka 1998. Wengi wetu tunakumbuka madarasa ya jioni katika majengo ya katikati ya jiji, yakijaa watu waliotoka kazini moja kwa moja. Wateja wa madarasa hayo walipopungua, mapato ya vyuo vikuu vya umma yalipungua nayo, na pengo hilo halijazibika.

Ongezeko la sasa lina chanzo kingine. Kuanzia 2018 serikali ilisisitiza kwamba kila aliyemaliza darasa la nane aingie kidato cha kwanza, na kundi hilo lilianza kufanya KCSE katika mtihani wa 2021. Watahiniwa wa 2024 walikuwa zaidi ya 960,000.

Karani wa Usajili

Mwalimu ameeleza vyema upande wa mitihani, nami naomba niongeze upande wa fedha, kwa sababu ndiko barua nyingi zinakokwama. Zamani mwanafunzi wa serikali alilipa karo ya takriban shilingi 16,000 kwa mwaka, kozi yoyote ile. Mfumo ulioanza 2023 unahesabu gharama ya kozi yenyewe, kisha unaigawa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu) na familia, kulingana na kiwango cha uwezo alichowekwa mwanafunzi. Wale wanaochagua vyuo vya kibinafsi chini ya mfumo huu hawapati ufadhili, wanabaki na mkopo tu. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikasitisha utekelezaji wa uamuzi huo.

Siku ya kuripoti, mzazi hufika mezani na simu mkononi na kuuliza jambo moja tu: alipe kiasi gani leo ili mtoto asajiliwe? Mkopo huwa haujaingia, na bado hajalipia chumba wala chakula. Wapo wanaorudi nyumbani na godoro lao. Kwa hiyo, Mzazi, tafadhali msiwahesabu waliopangiwa nafasi kana kwamba wote wameingia darasani.

Mkufunzi wa Ufundi

Mimi nina shaka na hesabu inayowaona wote wasiofika chuo kikuu kuwa wamepotea. Kuanzia 2018, kabla ya mfumo huo wa 2023, wanafunzi wa vyuo vya kiufundi vya umma walipewa mkopo wa HELB na mgao wa serikali wa shilingi 30,000 kwa mwaka, na hata mwenye alama ya E, ya chini kabisa, ana kozi ya kuanzia. Vyuo hivi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Ukihesabu Septemba pekee, utamkosa kijana aliyeacha nafasi ya shahada, akakaa miezi michache akitafuta karo, kisha akajiunga nasi Januari kusomea umeme.

Mzazi wa Kayole

Nawashukuru nyote. Basi nitawatembelea wenye barua kabatini mmoja mmoja kabla ya kikao, niwaulize kama wamejiunga kwingine. Karani, kwa walioripoti, tuombe takwimu zipi?

Karani wa Usajili

Ombeni idadi ya waliojisajili kwa masomo ya mwaka wa pili, muilinganishe na walioripoti mwaka wa kwanza. Mwanafunzi anaweza kulipiwa muhula wa kwanza kwa harambee. Mwaka wa pili harambee hiyo huwa haipo tena, na hapo ndipo mchango wa kamati yenu utahitajika zaidi.