Naomba ushauri: kumtetea mtuhumiwa wakati aliyeibiwa ni jirani yangu

Wakuu habari za jioni. Mi ni wakili, ofisi yetu iko Morogoro tuko wawili tu na karani, kesi nyingi za jinai. Mtaani nipo kamati ya shule, sasa kuna mama kaja na hati ya mashtaka ya mwanae, unyang'anyi wa kutumia silaha, dhamana hakuna na akikutwa na hatia ni miaka 30 kwenda mbele. Aliyeibiwa ni mwenye duka, tuko nae kamati moja, na kashaanza kuninunia kabla hata sijachukua faili! Dogo anasema maelezo ya polisi kasainishwa usiku bila ndugu. Mlioko kwenye fani, nimwachie mwenzangu au niendelee tu? Na huyu jirani nitaongea nae vipi wakati ni shahidi wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka?