Vijiji vya mwani vya Sulawesi: wanaishije, na sisi Pemba tuchukue nini?

MwaniMicheweni
Assalaam alaykum jamaa. Kikundi cha kinamama huku kaskazini Pemba kimeshauriwa kiache vigingi vya maji mafupi, kihamie kamba za kuelea "kama Indonesia". Washauri wameleta picha za bahari iliyojaa chupa za kuelezea kamba, na hapo maelezo yakaishia. Nataka kujua kijiji chenyewe kinavyokwenda: nani anaingia baharini, nani anafunga mbegu (vipande vya mwani), mtaji unatoka wapi, vijana wanabaki au wanahama? Na kamba moja inajengwaje? Mwani mnene (cottonii) kwetu unakufa kila kaskazi, ndiyo asili ya swali hili.

Mkaa Ghubani
Wa alaykum salaam. Chukua mfano wa ghuba ya Laikang, wilaya ya Takalar, kusini mwa mji wa Makassar. Haijulikani na watalii, lakini mkoa wake, Sulawesi Kusini, ndio unaoongoza kwa mwani Indonesia nzima. Wenyeji ni Wamakassar, Waislamu, na nyumba nyingi ni za mbao juu ya nguzo. Uvungu wa nyumba ndio mahali pa kazi. Kinamama hukaa humo kivulini kufunga mbegu, na hulipwa kwa kila kamba waliyoimaliza, hata kama shamba si lao. Mjane, bibi mzee, jirani asiye na mashua, wote wanapata chochote. Wanaume huzipakia kamba kwenye mashua nyembamba yenye mashine ndogo ya petroli, wao huiita katinting, wakaenda kuzitandaza.

Mtaji mara nyingi hutoka kwa mnunuzi wa pale pale kijijini. Hukopesha kamba, mafuta, hata pesa ya matibabu, na aliyekopa humuuzia yeye mavuno kwa bei iliyo chini ya soko. Mnunuzi naye hupeleka Makassar, na sehemu kubwa huishia viwandani China. China ikipunguza kununua, uvungu wa nyumba ya Laikang unajua mwezi huo huo.

Jambo moja wanalo na ningependa sana tungekuwa nalo: Sheria ya Vijiji namba 6 ya mwaka 2014. Tangu 2015 kila kijiji hupata fungu kutoka serikali kuu, kijiji kinaweza kuwa na kampuni yake, na mkuu wa kijiji huchaguliwa kwa kura. Sheha wetu huteuliwa. Fungu hilo linaweza kujenga njia ya kushukia pwani au gati dogo, mambo ambayo mkulima mmoja hawezi.

Vijana? Wengine huenda Makassar, wengine huufuata mwani wenyewe hadi Nunukan, kaskazini mwa Kalimantan. Wanaobaki huchanganya mwani na mpunga wa mvua au mahindi, maana upepo wa magharibi wa Disemba hadi Februari huleta mvua na mawimbi. Na utalii si kinga. Nusa Lembongan, karibu na Bali, watu waliacha mwani wakahamia hoteli. Mwaka 2020 korona ilipofunga utalii, wakarudi kwenye mwani.

Fundi Kamba
Mimi nijibu la ujenzi. Kamba ya mbegu mita 25, unene milimita 5 au 6. Ncha zake mbili hufungwa kwenye kamba kuu mbili za milimita 10 hadi 12, zilizonyooshwa sambamba na kushikwa na nanga. Nanga ni viroba vya mchanga au vigingi virefu. Mbegu gramu 100, moja kila sentimita 20, yaani mbegu 125 au kilo 12.5 kwa kamba. Chupa tupu ya maji ya mililita 600 kila mita 2 au 3, mwani uelee sentimita 20 hadi 50 chini ya uso wa maji. Ukikua unakuwa mzito, kwa hiyo ongeza chupa baada ya wiki ya 3, la sivyo kamba inazama katikati na mwani wa pale unakosa mwanga.

Hesabu: ukikua asilimia 3.5 kwa siku, baada ya siku 45 mbegu ya gramu 100 inafika kama 470. Kamba nzima inatoa kama kilo 59 mbichi. Toa 12.5 za mbegu, gawa kwa 8 (kilo 8 mbichi hutoa 1 kavu), unabaki na kilo 5.8 kavu hivi. Hiyo ni bila ya hasara, na hasara haikosi.

Sasa pale picha zinapodanganya. Makassar maji hupanda na kushuka kama mita moja na kidogo tu. Kwetu bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hufika kama mita 4. Ukikata kamba za nanga fupi kama zao, maji yakijaa shamba linavutwa chini na chupa zinabonyea. Ukiziacha ndefu, maji yakipwa zinalegea, kamba zinasukana na mwani unachunika. Kwa hiyo: laza kamba kufuata mkondo, zisiukatize, acha nafasi kubwa kuliko unayoiona kwenye picha, mita moja au zaidi kati ya kamba na kamba, na chagua mahali ambapo bamvua likipwa kabisa bado kuna mita 2 za maji. Chupa nazo hupasuka kwa jua, zikabaki vipande ufukweni. Maboya magumu ni ghali lakini yanadumu.

BiAsha_Tumbe
Kaka Fundi, hayo sawa, lakini suala la mwani mnene usilipite. Kwenye vigingi, maji ya mchana yakipwa wakati wa kaskazi yanapita nyuzi 33. Mwani huo unataka baina ya 25 na 30. Ukizidiwa, matawi yanakuwa meupe, yanalainika, yanakatika, na vijidudu humalizia kazi. Maji ya kina ndiyo dawa, si chupa. Kabla ya kununua kamba yoyote, nunueni kipimajoto, mpime mchana maji yakipwa siku za bamvua, kwenye vigingi na pale mnapotaka kuhamia. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 2, msihangaike.

Halafu kubwa zaidi. Zanzibar mwani ni wa wanawake kwa sababu mtu anauendea kwa miguu maji yakipwa. Ukienda kwenye kina, mwenye mashua ndiye mwenye shamba. Laikang mwanamke ana ujira wa kufunga, mavuno yana mwenyewe. Kikundi kikihama bila ya mashua yake, kinamama watageuka vibarua wa mwani walioupanda wao kwa miaka. Andikeni mapema: mashua ni ya kikundi, nahodha analipwa kwa safari, hapewi fungu la mavuno. Na wafundishwe kuogelea, wawe na maboya ya kuvaa. Taasisi ya Sayansi za Bahari imejaribu hapa Zanzibar nyavu za bomba, mbegu zinaingizwa ndani badala ya kufungwa kwa taitai, vile vikamba vidogo. Mkondo hauukati mwani kirahisi. Samaki tasi bado atakula vinavyochomoza nje.

MwaniMicheweni
Ahsante sana Bi Asha, la mashua hakuna aliyelitaja. Na kukausha? Mnunuzi anatukata kilo kwa mchanga.

Fundi Kamba
Chanja yenye urefu wa mita moja kutoka chini, juu yake wavu wa zamani. Tandaza usizidi unene wa kiganja, geuza mara mbili kwa siku, jua kali siku 2 au 3. Mvua ikinyesha funika mara moja, maana maji ya mvua huyeyusha chumvi, mwani unafifia na utomvu wake unapungua. Wanunuzi hutaka unyevu asilimia 35 hadi 38: ukiukunja unapinda kama mpira, chumvi nyeupe inaonekana juu, mkono haulowi. Ukikatika kwa kuukunja, umeukausha mno na umepoteza uzito wako mwenyewe. Ukung'ute kabla ya kutia kwenye gunia, na mwani mnene usichanganywe na mwembamba (spinosum). Utanunuliwa wote kwa bei ya mwembamba.