Mafundi muziki wa magari, mnaua amplifaya za watu kwa kutohesabu omu!

Wakuu, hili jambo limezidi. Amplifaya inaungua, koili ya sabufa (waya uliozungushwa unaosukuma koni) inanuka gari zima, halafu mteja anaambiwa "bosi, uliuziwa feki". Si feki! Imeuawa na fundi aliyeunganisha waya bila kujua anaipa mzigo wa omu ngapi. Omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme: zikipungua, amplifaya inavutwa mkondo mkubwa zaidi.

Chukueni mfano ambao kila anayefungua amplifaya mbovu ameshauona. Mteja ana sabufa mbili za inchi 12, kila moja ina koili mbili za omu 4. Anauziwa monobloku (amplifaya ya chaneli moja) ambayo kitabu chake kinasema wazi mwisho wa chini ni omu 2. Fundi anakusanya nyekundu zote pamoja, nyeusi zote pamoja, anawasha, vioo vinatetemeka, mteja anafurahi na kulipa. Sasa hesabu: koili nne za omu 4 zikifungwa hivyo, yaani paraleli, ni 4 gawanya kwa 4, yaani omu 1. Kwa volti ileile mkondo umekuwa mara mbili ya ule ambao transista zake zinaweza kubeba. Mdundo wa siku za mwanzo unakuwa mkubwa kweli, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ngoja jua la mchana, buti limefungwa, sauti iko juu nusu saa mfululizo. Taa nyekundu inawaka, amplifaya inajizima, ikipoa inarudi. Fundi anasema "ni joto tu". Baada ya hapo haiwaki tena.

Na kinachoudhi kuliko vyote: sabufa hizo mbili, kwa kugawana umeme sawa, hazitoi omu 2 hata ufanyeje. Zinatoa omu 1, omu 4 au omu 16, basi. Mwenye amplifaya ya omu 2 alitakiwa auziwe sabufa za koili mbili za omu 2: koili za kila sabufa unazifunga sirizi, chanya ya moja na hasi ya nyingine, unapata omu 4, kisha sabufa mbili unazifunga paraleli, unapata omu 2 kamili. Muuzaji alikuwa na wajibu wa kusema hilo kabla hajapokea hela. Kama anazo zile za omu 4 tu, basi amuuzie mteja monobloku inayokubali omu 1, au azifunge kwa omu 4 na amwambie ukweli kwamba nguvu itapungua.

Kuna wanaobriji amplifaya za chaneli 4, yaani wanaunganisha chaneli mbili zisukume sabufa moja. Imeandikwa omu 2 kwa chaneli, fundi anaona "omu 2", anabriji chaneli mbili na kuzipa sabufa ya omu 2. Ukibriji, kila chaneli inaona nusu ya mzigo! Sabufa ya omu 2 hapo ni omu 1 kwa kila chaneli. Ndiyo maana kitabu kinaandika omu 4 kwenye mstari wa kubriji. Someni mstari wote jamani.

Utetezi wao nao ni uleule: "ikiingia kwenye boksi omu zinapanda". Zinapanda, lakini si kwenye kila noti. Boksi lenye tundu, pale kwenye herzi lilipotuniwa, omu zinashuka hadi karibu na kipimo cha koili tupu. Maboksi mengi hutuniwa kati ya herzi 30 na 40, na besi nzito inapiga hukohuko. Kwa hiyo unategemea wokovu ambao haupo mahali unapouhitaji.

Wati za kwenye kava msiziamini. Angalieni fyuzi za amplifaya yenyewe. Fyuzi mbili za ampea 30 ni ampea 60. Zidisha kwa volti 14, inaingia kama wati 840. Daraja D (aina ya amplifaya isiyopoteza umeme mwingi) likitumia asilimia 80 vizuri, zinatoka kama 670. Sasa hiyo "3000W" iliyochorwa juu inatoka wapi?

Waya nao ni wizi. Amplifaya ya wati 1000 halisi inavuta kama ampea 90 ikipigwa hadi mwisho, na altaneta za gari ndogo nyingi ziko hapohapo au chini, huku taa na feni vikitaka chake. Halafu mtu anaweka waya wa alumini uliopakwa shaba. Kwarua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini, inapitisha kama asilimia 60 tu ya shaba ya unene uleule. Volti zinashuka, amplifaya inaanza kukata vilele vya mawimbi ya sauti, koili inachemka mpaka vanishi yake inageuka nyeusi. Fyuzi kuu iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, si kule buti.

Wateja, msilipe kabla fundi hajachomoa waya za sabufa kwenye amplifaya na kuweka mita ya kupimia omu mbele yenu. Agusanishe kwanza ncha za mita, kinachosomeka akitoe. Mzigo wa omu 2 husoma kama 1.5 hadi 1.9, wa omu 4 husoma 3.2 hadi 3.7. Ikisoma 0.8, hiyo ni omu 1, aifungue upya. Mita haitaonyesha koili moja ikiwa imegeuzwa chanya na hasi, kwa hiyo kabla ya kuunganisha gusisha betri ya volti 1.5 kwenye kila koili, chanya kwa chanya. Koni isogee upande uleule kwa zote mbili. Zikipingana, koni haisogei na joto lote linabaki kwenye koili.

Geini, kile kitufe cha amplifaya cha kupandisha nguvu, nayo haisetiwi kwa sikio. Sabufa ikiwa imechomolewa na besi busti imezimwa, piga toni ya herzi 50, redio iwe robo tatu ya sauti, pandisha geini huku ukipima volti za AC kwenye matokeo ya amplifaya. Wati 500 kwa omu 2 ni volti 31.6, kwa omu 4 ni 44.7. Ukifika hapo, acha kabisa kugusa.

Wenye maduka, andikeni kwenye risiti: koili ngapi, omu ngapi kila moja, na amplifaya mwisho wake wa chini omu ngapi. Fundi aliyefunga chini ya hapo alipe yeye amplifaya ikiungua.