Kuşadası kwa siku moja ya meli: Efeso, kanisa la Yohana na msikiti wa İsa Bey, inawezekana?

Swali

Wakuu, habari zenu. Meli yetu inatoka Piraeus, bandari ya Athene huko Ugiriki, na itafunga gati Kuşadası, Uturuki, saa 1 asubuhi, mwanzoni mwa Novemba. Mwisho wa kurudi melini ni saa 9:30 alasiri. Tuko wanne, na mama yetu wa miaka 68 anasumbuliwa na magoti. Tungependa kuona magofu ya Efeso, kisha mjini Selçuk tuone kanisa la Mtakatifu Yohana na msikiti wa İsa Bey, ambako mama anataka kuswali adhuhuri. Ziara inayouzwa na meli inaishia Efeso na duka la mazulia. Teksi itatufaa? Na magoti ya mama je? Natanguliza shukrani.

Jibu la 1

Itawafaa, ila zingatieni lango. Efeso ina malango mawili, na njia yote, karibu kilomita 2, inateremka kutoka lango la juu hadi la chini. Dereva awashushe juu, kisha azunguke na gari awasubiri chini. Mkianzia chini mtapanda kilima, halafu mtarudi kwa njia ileile. Magoti hayatawasamehe.

Bei pataneni kabla ya kuondoka, na mtaje kila kituo pamoja na muda wa kusubiri. Lipeni mkisharudi bandarini. Ugomvi huanza pale abiria wanapoongeza "na Selçuk pia" wakiwa njiani.

Kutoka gatini hadi lango la juu wekeni nusu saa, na ndani ya magofu saa 2. Vyoo viko malangoni tu, kwa hiyo mama aende kabla ya kuingia. Marumaru ya barabara ya Curetes, ile inayoteremka katikati ya magofu, imelainika kwa nyayo za karne nyingi, na mvua ya Novemba ikinyesha inateleza kama sabuni. Avae raba zenye meno, atembee pembeni ambako mawe bado yana mikwaruzo. Kwenye Lango la Herakule kuna vidato, hapo mshikeni mkono.

Nyumba za matajiri zilizo chini ya paa zina tiketi yake, na ndani ni ngazi tupu za kupanda. Michoro ya ukutani na sakafu za vijiwe vya rangi zinastahili hiyo pesa, lakini mama abaki na mmoja wenu mbele ya maktaba ya Celsus. Hapo pia pana mengi ya kutazama. Ule uso wa ghorofa mbili ulikuwa umeanguka, na wanaakiolojia wa Austria waliusimamisha upya miaka ya 1970 kwa vipande vilivyochimbuliwa palepale. Masanamu manne ya wanawake ni nakala, yale ya asili yako Vienna. Celsus mwenyewe, gavana wa Kirumi, amezikwa chini ya jengo.

Mkifika kwenye ukumbi mkubwa wa maonyesho, fuateni kwa macho barabara ya bandari: inaishia kwenye majani. Mto Küçük Menderes ulijaza tope hadi bahari ikasogea kilomita kadhaa, na mji ukakosa kazi.

Jibu la 2

Naongezea Selçuk. Anzieni kanisani, kwa sababu liko juu ya msikiti, kisha mshuke. Kanisa lilijengwa na Kaizari Justinian karne ya 6, juu ya kaburi linaloaminiwa kuwa la Yohana. Msikiti ulikamilika 1375 na msanifu wake, Ali, alitoka Dameski. Kabla ya kuingia tazameni ukuta wa magharibi: huo peke yake umevikwa marumaru na kuchongwa maandishi, kuta nyingine ni mawe ya kawaida. Hekalu la Artemi, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, liko hapohapo Selçuk na limebaki nguzo moja, dakika 10 zinatosha.

Kuhusu swala, saa ya Uturuki ni sawa na ya Dar na Nairobi, lakini jua la kule linachelewa. Novemba adhuhuri huingia karibu saa 7 mchana. Mkitoka Efeso saa 5 mnawahi bila haraka. Ikiangukia Ijumaa, wahini mapema.

Jibu la 3

Teksi sawa, ila meli husubiri ziara zake yenyewe tu. Mliotoka kivyenu mkichelewa inang'oa nanga. Kwa hiyo saa 8 mchana muwe mmeshaondoka Selçuk.

Halafu kuna mtego wa saa. Kuanzia mwisho wa Oktoba Ugiriki hurudisha saa nyuma, Uturuki hairudishi. Saa ya mkononi iliyobaki na majira ya Piraeus itawachelewesha saa nzima kama meli imehamia saa ya Uturuki. Ulizeni mapokezi jioni ya kabla, maana kuna meli zisizobadili.

Kama baada ya Kuşadası mnarudi kwenye visiwa vya Ugiriki na mna pasipoti za kwetu, viza ya Schengen (ya nchi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo) iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ya mara moja inakwisha mkishaandikishwa kuwa mmetoka. Ya Uturuki ni viza nyingine kabisa, msiichanganye na hiyo.

Muuliza swali

Shukrani sana wakuu. Viza zetu ni za mara moja, kesho asubuhi naanza na hilo.