Mdogo wangu ana C ya KCSE, wakala ataka 150,000 ampeleke melini. Nishaurini

Binti wa Majengo

Assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Nina mdogo wangu wa kiume aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. KCSE alipata C. Hesabu C+, fizikia C, Kiingereza C-. Baba yetu ametangulia mbele ya haki na mama ni mgonjwa wa sukari, kwa hivyo karo iko juu yangu. Mimi nauza leso Biashara Street hapa Mombasa, duka la watu. Pesa ninazotegemea ni za chama, zamu yangu ya kupokea ni mwezi ujao.

Kijana hataki kusikia kitu ila meli. Mjomba wetu ana kiofisi cha kliaringi, yaani kukomboa mizigo bandarini, asema aje aanze kazi kesho, masomo yatafuata. Na sasa katokea wakala, asema atampeleka meli ya watalii akafanye kazi jikoni, dola 900 kwa mwezi, mradi tumpe 150,000 za kushughulikia. Barua ya kazi katutumia kwa WhatsApp. Juu ina picha ya meli. Jina la kampuni kwenye muhuri limerukwa herufi moja, anwani ya barua pepe ni ya zile za bure ambazo hata mimi ninayo, na tarehe ya kusafiri ni ya wiki tatu zijazo ilhali kijana hata pasipoti hajaomba.

Mama yuko tayari kuuza mikufu yake. Roho yangu inakataa, lakini mambo ya meli siyajui na sitaki kumzibia mdogo wangu riziki. Nishaurini jamani, maana pesa hii ikipotea hakuna nyingine.

Mama Watatu

Dada, mwambie mama mikufu airudishe sandukuni. Mtoto wa shangazi yangu alilipa wakala wa namna hiyo hiyo, akaambiwa asubiri kupigiwa simu. Hadi leo anasubiri, na ng'ombe aliyeuzwa kulipia hakurudi. Usitoe hata shilingi.

Baharia Mstaafu

Waaleikum salaam mwanangu. Nimefanya kazi chumba cha injini karibu umri wangu wote, ngoja nikueleze taratibu.

Kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, na Kenya iliuridhia 2014. Unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti. Hata viza ni juu ya mwenye meli. Kwa hivyo mtu akikutajia 150,000 za kazi, amekwisha kujitambulisha. Tena wakala wa mabaharia hapa Kenya lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA, ambayo makao yake yako hapa hapa Mombasa. Muulize nambari ya leseni, kisha nenda wewe mwenyewe ofisini kwao ukaiulizie.

Jambo la pili ni macho, na watu wengi hawalikumbuki. Kabla hujalipia kozi yoyote ya meli, mpeleke kijana apimwe rangi. Daktari atamfungulia kijitabu chenye kurasa za vitone vya rangi, na katikati ya vitone mna nambari. Anayechanganya nyekundu na kijani ataona nambari nyingine, au hataona kitu. Baharini usiku unajua meli inaelekea wapi kwa kutazama taa zake, nyekundu upande wa kushoto, kijani upande wa kulia. Asiyezitofautisha hapewi zamu ya kuongoza meli, awe na alama gani. Upande wa injini masharti ya rangi ni mepesi kidogo, lakini yapo, kwa sababu ya nyaya na mabomba. Nimeona vijana waliokuja kujua haya baada ya kumaliza chuo, na karo ya wazazi imekwisha kuliwa. Inaniuma hadi leo.

Tatu, kumaliza darasa hakukufanyi ofisa. Mkataba wa STCW, ule wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, unamtaka kadeti wa sitaha, yaani mwanafunzi wa uofisa, awe na angalau miezi 12 ya kazi melini ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa. Wa injini naye ni 12, karakana na meli zikijumlishwa, na 6 kati ya hiyo iwe zamu za chumba cha injini. Meli zetu wenyewe ni chache, nafasi za kadeti zinagombaniwa. Aliyesomea unahodha akikosa meli hukaa na cheti chake nyumbani. Wa injini akikosa meli bado ni fundi: vivuko vinamtaka, tagi za bandarini zinazovuta meli kubwa zinamtaka, karakana ya meli ya Mtongwe inamtaka. Ndiyo maana ningemwelekeza mdogo wako kwenye uhandisi wa meli au wa mitambo. Aulizie Technical University of Mombasa pale Tudor, na Bandari Maritime Academy.

Kontena Arobaini

Mzee kanena kweli, ila nimtetee mjomba. Kliaringi bado inalisha nyumba nyingi hapa mjini. Tulipigwa sana baada ya reli mpya ya SGR kuanza 2017, mizigo ikawa inapelekwa kukombolewa bara, na ofisi nyingi zikafungwa. Mwaka 2022 ikaamriwa kazi hiyo irudi Mombasa, tukapata kupumua.

Tatizo langu ni hilo la masomo yatafuata. Akiingia bila cheti atakuwa wa kutumwa, leo Kilindini, kesho benki, na karatasi zenyewe za kupeleka zinazidi kupungua kwa kuwa stakabadhi za forodha zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa KRA, mamlaka ya ushuru. Kuna cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na uwakala wa mizigo, kinafundishwa KESRA, chuo cha KRA, na Mombasa wapo. Akitaka njia ya mjomba, aanzie hapo. Mwenye cheti hicho mjomba ndiye atakayembembeleza.

Mama Watatu

Lakini kijana hakusema ataka forodha. Amesema meli. Tusimpangie kana kwamba hayupo.

Kontena Arobaini

Sawa mama, nakubali. Dada, kijana mwenyewe anasemaje juu ya injini? Meli anayoitaka ni ya kuvaa nguo nyeupe au ya kushika spana?

Mwalimu wa Kisauni

Niongee upande wa shule. C hiyo haimpeleki digrii moja kwa moja, digrii ni C+. Diploma inaanzia C-, kwa hivyo mlango uko wazi kabisa, na hesabu na fizikia zake ndizo zinazotazamwa kwenye uhandisi. Akimaliza diploma vizuri anaweza kuendelea na digrii. Naona wazazi wakilia kwa C kama vile mtoto ameanguka, na mtoto naye anaamini. Mwambieni hajaanguka.

Aombe kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo. Vyuo vya ufundi vya umma vimo humo, Kenya Coast National Polytechnic ikiwemo. Asome masharti ya masomo ya kila kozi kabla ya kuichagua, asijaze majina ya kozi kwa kuyapenda tu. Akipangiwa chuo cha umma anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, hawakopeshwi wa vyuo vikuu peke yao. Basari ya NG-CDF, mfuko wa eneo bunge, na ya kaunti aziulizie zote mbili. Hakikisha ana kitambulisho, huku kwetu kinachelewa na bila hicho kila fomu inakwama. Na chuo chochote cha binafsi kikikupigia simu, tazama kwanza kama kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi.

Fundi wa Friji

Kuna njia haijatajwa. Ukipita yadi za makontena Changamwe usiku utasikia mvumo hausimami. Ni makontena ya baridi, yamechomekwa umeme, na ndani mna maparachichi yanayongoja meli ya Ulaya. Kontena likizima na fundi asipatikane upesi, mzigo mzima ni wa kutupa. Mafundi wa kuyashika makontena hayo si wengi, na wanaoyajua hawakai bure.

Ukisomea friji na AC unaajirika bandarini, hoteli za Nyali na Diani, mabucha, hospitali, na melini pia kwa kuwa kila meli ina vyumba vya kuhifadhia chakula. Kazi yenyewe inataka utulivu. Unaingia na geji yako, unasoma presha, unasikiliza kompresa, hujafungua kitu chochote bado. Vijana wengi hukimbilia kuongeza gesi kabla ya kutafuta inakovujia, na wiki inayofuata mteja anapiga simu tena. Kama mdogo wako ni mvumilivu, aiweke kwenye orodha yake.

Binti wa Majengo

Nawashukuru nyote, Mola awalipe. Nimesoma kila neno, na nimemsomea mama.

Wakala nilimuuliza nambari ya leseni. Akaniuliza mbona namdharau, kisha akafuta barua zote alizotutumia. Mama alinyamaza kidogo, akaenda kuifunga mikufu yake.

Macho yamepimwa, alhamdulillahi, nambari zote kazisoma. Kuhusu spana, nilimuuliza kama mlivyosema. Kumbe alikuwa akienda kwa jirani anayetengeneza boti za uvuvi na kumshikia taa wakati wa kufungua injini, na sisi nyumbani hatukujua! Ataka injini. Mjomba amekubali amsaidie ofisini mpaka nafasi za vyuo zitoke, kwa nauli na chakula. KUCCPS atatanguliza uhandisi wa meli, kisha mitambo, kisha friji.

Limebaki swali moja. Nimeambiwa kuna kozi fupi ya usalama baharini, ati bila hiyo hapandi meli. Niilipie sasa hivi kwa pesa ya chama?

Baharia Mstaafu

Hongera mwanangu, na hongera kwa huyo mshika taa.

Kozi hiyo ni ya kweli na ni lazima: kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza na usalama kazini. Lakini asiifanye sasa. Kuzima moto na kujiokoa ni lazima kuthibitishwa upya kila miaka 5, na diploma inachukua kama miaka 3. Ukiilipia leo, muda wake mwingi utaishia darasani. Chuo kitamwambia wakati wake, kwa kawaida ni anapokaribia kwenda melini. Aifanyie mahali sahihi tu, chuo kilichoidhinishwa na KMA.

Pesa ya chama igawe kwa karo ya muhula wa kwanza, ovaroli na viatu vya karakana vyenye chuma mbele. Kisha umuulize kama anajua kuogelea. Vijana wengi wa hapa huona haya kusema hawajui. Kama hajui, Jumamosi ateremke ufuoni na mtu anayejua vizuri, maji yakiwa yametulia, aanze. Hilo halina karo.